Masega ya Kidosho: Ngara hadi Kigali na Unga wa Muhogo

Niliondoka Ngara kwa sababu ya simu moja. Aliyepiga ni mama anayeitwa Consolata, mwenye duka la jumla la unga kule Nyabugogo, Kigali. Wifi yangu Devota, dada wa mume wangu, anaishi huko, na alikuwa amemwonjesha unga wetu wa muhogo. Consolata hakuzunguka. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Leta gari moja nione. Kama iko sawa, utakuwa unaleta kila wiki. Mi nataka mtu nitamzoea." Nilikata simu nikacheza peke yangu jikoni, mwiko mkononi, mpaka mume wangu akaja kuchungulia kama nimepatwa na nini.

Mnielewe furaha ile ilitoka wapi. Kikundi chetu cha kina mama kilikuwa na makopa, yaani muhogo mkavu, yaliyojaa stoo hadi mlangoni, na mnunuzi wetu pekee alikuwa yule dalali anayefika amekunja uso, anataja bei yake, kisha anaanza kupakia kabla hujamjibu. Nikimpata Consolata, tumepona. Nikimkosa, narudi kumpigia magoti dalali, na wenzangu wote nyuma yangu.

Tatizo lilikuwa Kidosho. Kidosho ni pikapu yangu ya petroli, nyeupe, mzuri wa sura, na kwa miezi kadhaa alikuwa ameishiwa nguvu. Kwenye tambarare hana neno. Ukimwonyesha mlima na mzigo nyuma, anaanza kunung'unika, mafuta yanakwisha na mwendo hauonekani. Pale stendi yetu kila mtu ni fundi, na wote walisema neno moja: toa masega. Masega, kwa wasiojua, ni kile kidude kilichovimba katikati ya bomba la ekzosi, chini ya gari. Ndani yake kuna vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, na moshi wa injini ukipita humo sumu yake huchomwa kabla haijatoka nje. Vijiwe vyetu havina habari na sumu. Wao wanasema kile kidude kinaikaba gari koo, ukikitoa ukaweka bomba tupu, gari inapaa. Nikaona basi, Kigali kuna mafundi wazuri, nitayatoa hukohuko.

Alfajiri ya Alhamisi tulifunga turubai juu ya viroba, nikakamata usukani, na watu wa sokoni wakanisukuma. Stata ilikufa zamani, lakini hilo sikulihesabu kuwa ni ugonjwa. Ngara hukosi watu wa kusukuma wala hukosi mteremko, na mimi najua kuachia klachi vizuri kuliko wanaume wengi. Kidosho alikohoa mara tatu, akapiga mshindo mmoja nyuma, akawaka. Wakapiga makofi, nikapiga honi, safari ikaanza.

Rusumo tulifika jua limeshachomoza. Mto Kagera unaporomoka pale chini ya daraja kwa kelele, na mvuke wake unakupiga usoni hata ukiwa ndani ya gari. Ukivuka tu mambo mawili yanabadilika. Saa inarudi nyuma moja, kwa hiyo nikapata saa nzima ya bure na nikaipokea kwa mikono miwili. La pili, unahamia upande wa kulia wa barabara. Usukani wangu uko kulia, barabara iko kulia, nikawa nasafiri huku naona mtaro vizuri kuliko magari yanayokuja. Nilikuwa nacheka peke yangu kwa woga na kwa raha.

Baada ya mpaka milima ikaanza, na raha ikapungua. Kupanda kuelekea Kirehe nilikuwa gia ya pili, kisha ya kwanza, mguu umekanyaga mpaka chini. Mwendesha baiskeli mmoja alikuwa amejishikiza nyuma ya lori, mzigo wa ndizi kwenye keria, wakanipita wote wawili. Yule wa baiskeli akanigeukia akasema, "Ihangane, mama." Ni neno la pole la Kinyarwanda, na alilisema kwa adabu kabisa. Nilimwitikia kwa mkono mmoja huku natamani ardhi ipasuke.

Kufikia Kayonza nilijua nimechelewa. Consolata alisema anawahitaji wauzaji wake kabla ya saa sita mchana, maana ndipo wenye migahawa wanapokuja kununua. Rwamagana nikapita, Kabuga nikapita, Kigali ikafunguka mbele yangu, nyumba zimepanda vilima hadi juu, barabara zimefagiliwa, pikipiki zinakwenda kwa mstari na kila abiria ana kofia ngumu kichwani. Nikasahau kidogo shida zangu. Mji wote ni mteremko, nikasema moyoni, huu mji umejengwa kwa ajili ya gari isiyo na stata.

Nyabugogo iko bondeni, na kelele zake unazisikia kabla hujateremka. Mabasi ya mikoani yanaingia na kutoka, makondakta wanaita, wapagazi wanapita na magunia kichwani wakiomba njia. Consolata alikuwa mlangoni mwa duka lake, mwanamke mrefu wa makamo, kitenge kimefungwa imara, rozari shingoni. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alifungua kiroba, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa unga wa chini kabisa, akaupeleka puani akafumba macho. Unga wa muhogo ulioloweshwa vizuri una kauchachu kake, na mtu anayeujua huwezi kumdanganya.

"Unga iko sawa," alisema. Halafu akatazama saa. "Lakini umechelewa. Wateja walienda. Store imejaa, nitachukua nusu. Hii ingine lete kesho, mbele ya saa sita."

"Ni milima, dada. Gari ilinisumbua."

"Milima iko hapa siku zote," alijibu, akageuka kuwaita wapagazi.

Maneno yale yalinichoma. Nilisukumwa na wapagazi walewale, Kidosho akawaka, nikapanda kuelekea Busanza kwa wifi yangu, nusu ya mzigo ingali mgongoni.

Jioni Busanza kuna hewa baridi na nyumba zimepangwa vizuri kama zilipimwa kwa kamba. Devota alinisikia kabla hajaniona. Alitoka na khanga begani, mikono kiunoni. Yeye alikulia kwetu Ngara kabla familia yao haijarudi Rwanda, na Kiswahili chake bado ni cha nyumbani.

"Wifi, umekuja na gari au umekuja na mashine ya kusaga?"

"Nicheke tu. Kaka yako ndiye aliyeninunulia."

"Kaka yangu alishindwa hata kuchagua mke, atajua kuchagua gari?"

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia, akanipa maharage na ndizi, nikala kama mtu aliyesukuma gari mwenyewe. Baada ya kula nilimweleza ukweli, kwamba kesho nikichelewa tena basi. Devota aliacha mzaha. Alisema anamjua fundi mmoja Nyamirambo, Shabani, ambaye hasemi uongo hata pale uongo ungempa kazi.

Asubuhi ya Ijumaa tulikuwa kwake mapema, lakini tulingoja hadi saa nne amalize gari nyingine. Gereji yake ni uwanja mdogo kando ya barabara ya Nyamirambo, si mbali na vichochoro vya Biryogo. Shabani ni mtu wa umri wangu, ndevu fupi, kofia ya sala kichwani, ovaroli safi kuliko nguo zangu za safari. Alijilaza chini ya Kidosho, akagonga masega kwa spana. Yakalia kama kopo lililojaa changarawe.

"Mama, hii ilikufa," alisema akiwa chini. "Huku tunaita kataliseri. Ndani imeziba, gari haiwezi kupumua."

"Basi yatoe. Weka bomba tupu."

Akatoka chini, akajifuta mikono. "Watu wengi wanaomba hivyo. Gari ya hapa siwezi kutoa, moshi wanapima. Yako ni ya kwenu, utaamua mwenyewe. Lakini kwanza tujaribu, uone kama ni hiyo tu."

Alilegeza boliti za mbele ya masega, akaachanisha bomba, moshi ukawa unatokea hapohapo katikati ya gari. Akaniambia niende na mzigo wangu hadi juu ya kilima nirudi.

Jamani. Sijui niwaelezeeje. Kidosho alinguruma kama lori la kijeshi, na nilipokanyaga mafuta alinitupa nyuma kwenye kiti. Kilima ambacho jana kingenitoa jasho alikipanda gia ya tatu, mzigo nyuma, anataka zaidi. Devota kando yangu alishika dashibodi kwa mikono miwili, anacheka na kuomba msaada wa Bikira Maria kwa pamoja. Watu walisimama kututazama. Mimi machozi yalinitoka kwa furaha, nasema Mungu wangu, hii gari yangu imefufuka, nimempata Consolata, nimempata kabisa. Nilirudi gereji nikamwambia Shabani, toa, toa sasa hivi, sitaki kuyaona tena.

"Bomba iko moto sana," alisema. "Na leo ni Ijumaa. Tunafunga, tunaenda msikitini. Baada ya swala nitaikata."

Nilitazama saa. Nikingoja swala ya Ijumaa iishe, saa sita ya Consolata imepita. Nikamwambia basi nakwenda hivi hivi, bomba wazi, napeleka mzigo narudi. Shabani alikuna ndevu. Alisema kelele zitaniletea polisi, niende polepole, nisikanyage sana mafuta. Nikateremka kwa kuachia breki, nikaachia klachi, Kidosho akawaka, na sisi haooo Nyabugogo.

Njiani foleni ilitushika. Nusu saa na zaidi tulisimama, tunasogea kidogo, tunasimama tena, injini inanguruma chini yetu. Devota alifungua kioo, akakifunga, akakifungua tena, akasema kichwa kinamgonga. Mimi sikujali. Nilikuwa naangalia saa, na saa ilikuwa upande wangu.

Tulifika kabla ya saa sita. Nilishuka kwa madaha, nikafungua turubai kwa mkono mmoja kama mchezaji wa ngoma. Consolata alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Leo umewahi," alisema, na wenye migahawa wawili walikuwa wamesimama naye wanangoja. Akafungua kiroba. Akaingiza mkono, akatoa unga, akaupeleka puani akafumba macho. Akafungua macho. Akanusa tena. Akampa mwenye mgahawa aliyekuwa karibu.

"Nusa."

Yule bwana akanusa, akaukung'uta mkononi haraka. "Iko nasikia esansi."

Esansi ni petroli. Nilichukua unga mwenyewe nikanusa, nikaombea nisisikie. Nilisikia. Moshi wa bomba lililo wazi ulikuwa umepanda kutoka chini, turubai nililolifunga kwa bidii likauzuia usitoke, na unga, mnaujua unga, unavuta kila harufu inayopita. Nikafungua kiroba kingine, na kingine, mpaka vile vya nyuma kabisa. Vilikuwa hivyohivyo. Nikakaa pale kwenye ukingo wa pikapu mbele ya watu wote.

Consolata hakugomba. Afadhali angegomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Jana ilikuwa safi. Leo ni nini?"

Ningeweza kusema ni mafuta yalimwagika njiani. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini mama yule alikuwa ananitazama machoni, nikamweleza yote, milima, masega, bomba, na kwamba fundi anangoja kuyakata moja kwa moja.

"Akikata, unga yote itakuwa inanuka hivi?"

"Akikata moshi utatokea nyuma, si katikati," nilisema. "Lakini utakuwa moshi huuhuu." Kisha nikajisikia nasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. "Hatakata."

"Sawa," alisema. "Hii siwezi kuuza. Watu wanakula." Akafunga kiroba kwa mikono yake, fundo zuri, akakirudisha kwenye pikapu yangu, akaenda kuwahudumia wale wawili kwa unga wangu wa jana. Hakusema nirudi, hakusema nisirudi.

Mchana ule tulikula Biryogo kwa sababu Devota alikataa nirudi gereji na njaa. Tulikaa kwenye uchochoro ambao magari hayaingii, watu wanatoka msikitini na kanzu zao, mafundi cherehani wamerudi kwenye mashine, chai ya tangawizi inapita kwenye sinia. Nyama choma ilikuwa tamu na mimi nilikuwa naitafuna kama karatasi. Wifi yangu, ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, alinishika mkono tu. Mwisho akasema, "Kichwa bado kinaniuma, wifi. Fikiria mtu anakula ule unga." Nilikuwa nimefikiria hilo peke yake tangu Nyabugogo.

Alasiri nilimkuta Shabani ameshaandaa msumeno wa chuma. Nikamwambia rudisha msumeno. Nilimweleza kisa cha unga, akasikiliza hadi mwisho, akaniomba nisogeze gari karibu na shimo la kazi. Nikaachia breki niteremke kidogo ili niwashe. Akaninyanyulia mkono nisimame.

"Mama, unawasha hivyo kila siku?"

"Tangu mwaka jana. Stata imekufa. Kwetu watu wa kusukuma wapo."

Alikaa kwenye tairi kuukuu akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka, nami nikaona haya bila kujua kosa langu. Kisha akanieleza taratibu. Kila gari inaposukumwa ili iwake, petroli inaingia kwenye injini na haiwaki mara moja. Inateremka mbichi kwenye ekzosi, inafika kwenye masega yenye moto, na hapo ndipo inawaka. Mara moja si kitu. Kila asubuhi, mwaka mzima, inayayeyusha. Ndiyo ule mshindo wa nyuma ambao sisi Ngara tunaushangilia. Na plagi moja ilikuwa mbovu, nayo inamwaga petroli yake mbichi humohumo, ndiyo unga ukanuka esansi.

"Ningekata," alisema, "ungepata nguvu, kweli. Mimi sikudanganyi. Lakini ugonjwa ungebaki, na petroli ingetoka nje vile vile. Kataliseri haina kosa. Ni ile kusukuma."

Nilifikiria umati wetu wa sokoni, jinsi wanavyokunja mikono ya mashati kunisaidia kila alfajiri, kwa upendo kabisa, na mimi napiga honi ya asante. Tuliiua gari pamoja, jamani, kwa moyo mweupe.

Jioni nzima Shabani alifanya kazi. Alifunga stata iliyotengenezwa, plagi mpya, na masega yaliyotoka kwenye gari iliyogongwa lakini yenyewe mazima. Bei sitaitaja, maana mume wangu naye anasoma. Yale ya zamani aliyapasua akanionyesha. Nusu ya vitundu vilikuwa vimeyeyuka vikashikana kama sukari iliyoungua sufuriani.

Nilipogeuza ufunguo Kidosho akawaka pale pale, kwenye tambarare, bila mtu kumgusa. Nikazima. Nikawasha tena. Nikazima tena nikawasha, Devota akasema wifi, acha kumchezea mtoto wa watu. Tulipanda kilima kilekile. Hakunguruma, hakunitupa kitini, na nitasema kweli, hakuwa mwepesi kama asubuhi. Lakini alipanda gia ya tatu, kimya, na nikageuka kuangalia nyuma sikuona moshi. Niliimba njia yote hadi Busanza. Furaha ya asubuhi ilikuwa ya kelele. Hii ilikuwa inakaa.

Jumamosi nilimuaga Devota nikashika njia ya kurudi, na viroba vile vinavyonuka nyuma, vya kumwaga shambani. Milima ilikuwa ileile, Kidosho akawa anaikata moja baada ya nyingine. Nilimpita mwenye baiskeli, nikampungia kwa heshima zote. Lakini kila nikifurahi nakumbuka lile fundo Consolata alilofunga, na furaha inaganda. Nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia wenzangu wa kikundi, kwamba gari imepona na soko limekufa.

Baada ya Kayonza simu iliita. Niliegesha pembeni. Alikuwa Consolata, na nyuma yake nilisikia Nyabugogo yote inapiga kelele.

"Umefika wapi?"

"Kayonza, dada. Narudi nyumbani."

"Fundi alikata?"

"Hapana. Amefunga nyingine nzima. Na stata."

Nilimsikia akimwambia mtu angoje. Kisha akasema, "Ile unga ya kwanza imeisha. Wanauliza ingine. Leta Alhamisi."

Nilishukuru, nikashukuru tena, nikaanza kuapa kwamba nitawahi, nitaondoka Ngara usiku, sasa gari inapanda, sitachelewa hata dakika moja. Akanikatiza.

"Mama, sikiliza. Ukichelewa, nitakusubiri. Mtu wa unga nzuri nasubiri mpaka jioni. Ile harufu tu, usiniletee tena."

Akakata simu. Nilibaki pale kando ya barabara, mkono kwenye usukani, magari yananipita. Siku tatu nzima nilikuwa nakimbizana na mwendo, tayari kuikata gari yangu kwa ajili ya mwendo, na kumbe Consolata alikuwa tayari kunisubiri, mradi unga uwe safi.